Naomba ushauri: nimekusanya takwimu wodini bila kibali

Habari zenu wauguzi wenzangu. Nipo wodi ya upasuaji, hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Kwa miezi 5 nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila kanula (kimrija cha kupitishia dripu na dawa mshipani) iliyovimbisha mshipa: siku ilipowekwa, mkono gani, dawa gani ilipita. Nia ilikuwa kuboresha kazi tu, utafiti sikuuwaza. Sasa matroni anataka niwasilishe kwenye kongamano la wauguzi. Nilimuuliza daktari mmoja, akasema niandike tu ila jina lake litangulie langu kwenye orodha ya waandishi (nilicheka kimoyomoyo). Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) sina, wala ridhaa ya wagonjwa. Majina yao sikuandika.

Je, takwimu zilizokwisha kukusanywa zinaombewa kibali, au nianze upya? Na huyo daktari nimjibuje bila kugombana?