Shemeji yangu alipewa hifadhi tangu utotoni, lakini haruhusiwi kuishi Mbeya na mke wake

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Wiki tatu zilizopita tulimzika baba yetu hapa Uyole, na mkwewe, yaani mume wa mdogo wangu wa kike, hakuweza kutupia hata konzi moja ya udongo kaburini, kwa sababu kibali cha kutoka kambini, mkoani Kigoma, kilikuwa bado kinasubiri sahihi ya ofisa aliyekuwa safarini.

Kilipotoka, tulikuwa tumeshaanua matanga. Kilikuwa cha siku saba, nazo zilihesabiwa tangu siku ya maombi, hivyo tano zilikuwa zimekwisha kabla hajakishika mkononi. Kwa basi, kupitia Mpanda na Sumbawanga, tunahesabu siku mbili ukiweka na kulala njiani. Angefika siku kibali kinapokwisha, na safari ya kurudi ingekuwa kosa la kumpeleka mahakamani. Hakuja. Mdogo wangu alipokea wageni wa msiba peke yake, na kila mzee wa ukoo alimuuliza mumewe yuko wapi.

Huyu bwana aliingia nchini mwaka 1998 akitokea Fizi, Kongo, akiwa na miaka tisa. Hadhi ya ukimbizi anayo, ni fundi seremala, na hajawahi kuishi utu uzima wake mahali pengine. Mdogo wangu alimkuta huko kambini alipokuwa akifundisha watoto kwa mkataba wa shirika moja, wakafunga ndoa halali, wakapata watoto wawili ambao ni Watanzania kama mama yao. Baba alipopata kiharusi, binti yake alirudi kumuuguza, na tangu hapo nyumba yao imekatika vipande viwili.

Sheria ya Wakimbizi, iliyotungwa mwaka huohuo wa 1998, inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Ninaelewa ilikotoka hofu hiyo, maana waliokuwa Ngara mwaka 1994 wanakumbuka umati wa Wanyarwanda uliovuka mpaka wa Rusumo kwa muda mfupi sana, na serikali yoyote ingeshtuka. Lakini mtoto wa miaka tisa amekuwa baba wa watoto wawili huku bado akihesabiwa ndani ya hofu ileile. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao ibara yake ya 26 inampa mkimbizi aliyepo nchini kihalali haki ya kuchagua mahali pa kuishi na ya kusafiri, kwa masharti yaleyale wanayowekewa wageni wengine walio katika hali kama yake. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anapanga chumba Mwanjelwa au Soweto, analipa kodi, na hakuna anayemuuliza atarudi lini kwenye uzio.

Linaloniumiza zaidi ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa, ila mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakuwekewa mlango huo. Maana yake ni kwamba mimi ningeoa mkimbizi, mke wangu angeomba. Mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja, ndoa yake haimsaidii mumewe kitu. Nani atamweleza binti wa watu kwamba uraia wake una uzito pungufu kuliko wa kaka yake?

Tena asitokee mtu kuniambia kwamba haiwezekani. Taifa hilihili liliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014.

Nimeandika barua mbili kwa ofisi inayohusika, na hakuna iliyojibiwa. Kama yupo hapa mwanasheria, au mtu ambaye mwenzi wake aliwahi kuruhusiwa kuishi nje ya kambi kwa sababu ya ndoa, naomba aandike ni nyaraka gani ziliambatishwa na ombi lilipelekwa kwa nani. Arobaini ya baba ni tarehe 18 mwezi ujao, na ninataka mkwewe awepo.