Kwa nini binti yangu anakataa mwarobaini lakini ananunua ashwagandha?

Mzazi wa Ngara:
Nina binti wa miaka 23 ambaye tangu utotoni aliziba pua kila nyanya yake alipomchemshia majani ya mwarobaini, na alipoingia chuo kikuu akaanza kuiita tiba hiyo ushirikina. Mwezi uliopita nilikuta mezani pake kopo la unga wa ashwagandha, mzizi wa tiba ya Ayurveda kutoka India, ambao huukoroga katika maziwa kila usiku ili apate usingizi. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hiyo si miti shamba. Vijana mnaosoma hapa, nielezeni tofauti.

Kijana wa Roysambu:
Mzee, sidhani kwamba rika langu lote litakubaliana nami, lakini nyanya hutupa kikombe bila kueleza kiasi wala sababu, na ukiuliza unaonekana mjeuri. Kopo lina kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwenye simu wapo watu wa umri wetu wanaosimulia jinsi lilivyowafaa. Nakiri pia kwamba kuna majivuno: kilichonunuliwa huonekana cha kisasa, kilichochumwa nyuma ya nyumba huonekana cha kimaskini.

Mjukuu wa Parklands:
Bila kumvunjia binti heshima, nimecheka, kwa sababu mwarobaini alioukataa ni dawa ya Ayurveda. Mti huo asili yake ni Bara Hindi, na sisi wa Kigujarati huuita limdo. Ashwagandha nayo humea yenyewe hapa Kenya, kwa hiyo huenda nyanya ameupita mmea huo njiani mara nyingi. Vijana wa Kihindi ninaowafahamu hunywa maziwa ya moto yenye manjano wakiwa na kikohozi, kwa kuwa hayo ni mambo ya jikoni, lakini ukiwauliza kuhusu vata, pitta na kapha, yaani nguvu tatu za mwili ambazo tabibu huzichunguza kabla ya kumpa mtu dawa, wengi hubaki kimya. Kule India tabibu huyo husomea shahada yake kwa miaka 5 na nusu, ilhali kopo halimuulizi mnywaji lolote.

Mfamasia:
Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, bidhaa 70 za Ayurveda kutoka maduka ya Boston, Marekani, zilipimwa, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya matabibu hutia madini hayo makusudi, wakiamini kwamba yakichomwa na kusafishwa kwa taratibu zao hugeuka dawa. Ashwagandha yenyewe imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na haimfai mjamzito wala anayemeza dawa za usingizi. Mzee, usimnyang'anye kopo, kwa maana ataendelea kwa siri. Muulize anameza nini kingine, na macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi, aache mara moja aende hospitali.

Mzazi wa Ngara:
Nashukuru. Nimewasomea haya wakati wa chakula cha jioni. Binti amekubali kulipeleka kopo kwa mfamasia Jumamosi, na nyanya yake, aliyekuwa akisikiliza kimya, ameuliza mzizi huo unauzwa shilingi ngapi.