MJADALA: Uchumi wa sekondari ufundishwe kwa matukio na maisha ya kila siku, au tubaki na nukuu za ubaoni?

Wakuu habari za muda huu. Naomba hili tulijadili kwa uwazi maana naona linatugawa sana sisi walimu, na wazazi pia wameshaingia. Swali ni hili: somo la uchumi sekondari tulianzie kwenye mambo yanayotokea duniani na yale mwanafunzi anayoyaishi kila siku, au tuende kama kitabu kinavyokwenda, maana ya neno, sifa zake, mchoro, mfano wa kiwanda A na bidhaa X, basi tunahamia mada inayofuata?

Mimi nafundisha somo hili na msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali aanzie hapohapo. Tukio litangulie, jina la kitaalamu lifuate. Ila tukio likishaingia darasani lifuatwe mpaka mwisho, lichorwe, lihesabiwe, liulizwe maswali magumu. Hapo kwenye kulifuata ndipo wengi tunaharibu, na mimi nimeharibu.

Nianze na kilichonibadilisha. Miaka yote nilikuwa naandika ubaoni "bei ikipanda mahitaji hupungua", wanafunzi wananakili, jaribio likija wanapata maksi zao, mimi naona nimefundisha. Siku moja nikawapa habari ya barakoa za mwaka 2020, wakati wa korona, jinsi bei zilivyoruka na bado watu wakawa wanazigombania. Binti mmoja akasimama na daftari lake mkononi, akausoma ule mstari niliomwandikisha mimi mwenyewe, halafu akasema mwalimu hapa bei imepanda na watu wamenunua zaidi ya mwanzo, sasa kati ya daftari na habari kipi ni uongo? Darasa zima likanigeukia.

Kile kipindi sikuendelea na mada. Nikachora mstari wa mahitaji wa kabla ya ugonjwa, ule unaoonyesha kwa kila bei watu wanataka kiasi gani, nikawauliza: siku ileile ya hofu, kama barakoa zingeuzwa nusu ya ile bei, watu wangechukua nyingi zaidi au chache zaidi? Wakasema nyingi zaidi. Na zingeuzwa mara mbili? Chache zaidi. Kwahiyo sheria bado ipo, kilichotokea ni kwamba mstari wenyewe umehama wote kwenda kulia, hofu imeusukuma, kwa kila bei unayoitaja sasa kuna watu wengi zaidi wanaotaka. Yale maneno "mambo mengine yakibaki vilevile" ambayo wanayakariri kama pambo la mwisho wa sentensi, siku ile ndiyo wakaona kazi yake, kwamba mwaka 2020 mambo mengine hayakubaki vilevile hata kidogo. Tukaendelea kesho yake: kwanini viwanda havikuzalisha zaidi palepale? Kwasababu mashine na vitambaa maalumu havipatikani kwa usiku mmoja. Na kwanini baadaye bei zikashuka? Kwasababu bei ile kubwa iliwavuta wazalishaji wapya wakaingia. Muda mfupi na muda mrefu, mada ambayo kwenye kitabu ina kurasa zake kavu, wameimaliza wenyewe kwa kuulizana.

Niwaambie ukweli, kosa la kuchanganya kutembea juu ya mstari (bei ya bidhaa ndiyo imebadilika) na mstari wenyewe kuhama (jambo jingine limebadilika) ndilo naliona kwenye madaftari mengi kuliko kosa lingine lolote. Mtoto anakuandikia bei imepanda kwahiyo mahitaji yakashuka, yaliposhuka bei ikashuka, iliposhuka mahitaji yakapanda, anazunguka hivyo ukurasa mzima. Huyo maneno anayajua yote vizuri tu, hajawahi kupewa jambo la kweli ambalo lingemkatalia.

Sasa na mimi nilipokosea. Ile meli ya Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez, tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, nikaipeleka darasani kwa furaha. Meli ya takriban mita 400, kale kakatapila kadogo kanachimba mchanga pale mbele, nani atasinzia? Kipindi kikachangamka kweli. Kwenye jaribio nikauliza kwanini bei inaweza kupanda hata kwa bidhaa ambayo haikuwemo ndani ya meli ile. Nikapata hadithi ya meli! Urefu wake, upepo, mchanga, boti za kuvuta. Uchumi ulikuwa sentensi moja moja tu. Lawama ni yangu, nilitumia kipindi kimoja nikaliacha tukio njiani. Mwaka uliofuata nikalitengea vipindi vitatu. Tukaanza na nani amechelewa na anapoteza nini kila siku anayosubiri. Halafu njia nyingine ni ipi, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, siku nyingi na mafuta mengi zaidi, na makontena yaliyokwama hayarudi kupakia mzigo mwingine kwahiyo hata ambaye mzigo wake haukuwa Suez anakosa kontena. Cha mwisho ndiyo mchoro wa ugavi, yaani kiasi ambacho wauzaji wanaleta sokoni kwa kila bei, ukihama kwenda kushoto. Majibu yakawa tofauti kabisa, maana safari hii walikuwa na kazi ya kuifanyia ile hadithi.

Kwahiyo wale mnaosema watoto wanakumbuka habari wanasahau uchumi, nakubaliana nanyi kwamba inatokea, nimeiona kwa macho yangu. Tunaachana kwenye dawa. Nyinyi mnasema tuache matukio, mimi nasema tupunguze idadi yake, matukio manne kwa mwaka yaliyochimbwa yanatosha kuliko kichwa cha habari kipya kila asubuhi.

NYONGEZA 1. Mzazi mmoja ameuliza mtihani unauliza magazeti? Mwanangu anataka maksi. Swali lako ni la haki kabisa mzazi mwenzangu na sitalikimbia. Swali la "taja sababu tano" mtoto aliyekariri atalijibu na sitamnyima maksi zake. Lakini mwambie aelezee athari za jambo fulani kwenye soko fulani, ubadilishe soko tu, aliyekariri anatafuta kwenye kichwa chake ukurasa ambao haupo. Na majina ya kitaalamu sijayafuta, tunaandika nukuu kama kawaida ila zinaandikwa mwisho wa mada, mtoto akiandika neno tayari ana kitu cha kulibandika.

NYONGEZA 2. Hoja ya siasa. Mwalimu mwenzangu anasema ukileta habari za leo unaleta ubishi wa vyama darasani na mwalimu atajikuta anahubiri. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nimeifikiria sana. Mimi nikifika kwenye kima cha chini cha mshahara natumia kisa cha zamani kidogo na cha mbali. Kitabu kinasema ukilazimisha mshahara upande, ajira zinapungua. Jimbo la New Jersey kule Marekani mwezi Aprili 1992 lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa ya chakula cha haraka pande zote mbili, kabla na baada, na kazi yao ya mwaka 1994 ikasema hawakuona ajira kupungua. Wachumi wengine wakachukua kumbukumbu za malipo ya wafanyakazi wakawapinga. Card akaja kupata Nobeli mwaka 2021 kwa utafiti wa aina hii, Krueger alikuwa ameshafariki. Nikishawapa hayo siwaambii nani yuko sahihi, nawauliza kwanini walihitaji jimbo la pili? Hapo mtoto anaanza kuuliza unajuaje, na mwanafunzi aliyezoea kuuliza unajuaje huwezi kumhubiria kirahisi, hata mwalimu wake hamuwezi.

NYONGEZA 3. Kuna anayesema mifano inachakaa, watoto wa leo wengi mwaka 2008 hawakuwepo, Lehman Brothers, ile benki ya Marekani iliyofilisika mwaka huo, kwao ni sawa na vita vya kale. Ni kweli, ila kuna tukio halichakai kwasababu swali lake halichakai. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei, yaani wa kuyapokea mwezi huo, ulifunga soko kwa bei ya hasi dola 37.63 kwa pipa. Hasi! Yaani muuzaji anakulipa uchukue. Kila darasa nikiliandika hilo ubaoni wanasema nimekosea alama. Basi nawauliza, kuna kitu chochote ambacho mtu anakulipa ukichukue? Kimya, kimya, halafu mmoja anasema takataka. Ndiyo hapohapo. Magari na ndege vimesimama, matangi ya kuhifadhia mafuta ya Cushing, kule jimbo la Oklahoma, yanakaribia kujaa, mkataba unaisha kesho yake na ukiushika ukaisha unatakiwa upokee mapipa na huna pa kuyaweka, mafuta yamegeuka mzigo. Halafu linakuja swali ninalolisubiri kila mwaka, mbona kwenye pampu hayakuwa bure? Tunaanza kutenganisha bei ya mkataba mmoja wa siku moja, kusafisha mafuta, kusafirisha, kodi. Swali hilo analiuliza mtoto mwenyewe, silitoi mimi.

Kuhusu mifano ya kila siku nina angalizo moja ambalo sijaona mtu analisema. Maisha ya kila siku ya nani? Nimeshasikia vipindi vinavyoelezea riba kwa mkopo wa nyumba kwa watoto wa miaka 16, hayo ni maisha ya mwalimu. Na kibaya zaidi ni kumsimamisha mtoto aeleze nyumbani kwao wanatumia kiasi gani. Jamani tuache hii. Kuna mtoto atadanganya kwa aibu na kuna mtoto hatanyoosha mkono tena mpaka anamaliza shule. Chukueni vitu ambavyo wote wanavyo kwa usawa, na cha kwanza ni muda. Kitu kinagawiwa bure ila kina foleni ya saa tatu, je ni bure? Kila mmoja wao ana saa 24, na kila mmoja anajua angefanya nini kingine na hizo saa tatu. Hiyo ndiyo gharama ya kile ulichokiacha, haina haja ya kumvua mtu nguo mbele ya wenzake.

NYONGEZA 4, na hili ndilo nawaombea watu wajaribu. Ndugu ameandika ana darasa limefurika, hana projekta wala intaneti. Kaka, huhitaji hata gazeti. Kata vipande vya karatasi. Nusu ya darasa wanunuzi, kila mmoja kwenye karatasi yake kuna bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kulipa. Nusu wauzaji, kila mmoja ana bei ya chini kabisa ya kuuzia. Hakuna kuonyeshana. Edward Chamberlin alifanya mchezo huu na wanafunzi wake pale Harvard na kuuandikia mwaka 1948, aliwaacha wazunguke wakipatana wawili wawili, akaona bei hazikutua pale nadharia inaposema. Mmoja wa wanafunzi waliocheza alikuwa Vernon Smith, na yeye baadaye akaurudia kwa namna nyingine, bei zitajwe kwa sauti kila mtu asikie, na soko lirudiwe raundi baada ya raundi. Bei zikaanza kusogeleana mpaka zikakaa karibu kabisa na pale mistari ya mahitaji na ugavi inapokatana. Mwaka 2002 akapata Nobeli.

Mimi naandika kila bei ya mapatano ubaoni, raundi ya kwanza imetawanyika huku na kule, kelele mpaka darasa la jirani wanachungulia. Ikifika ya tatu au ya nne namba zinaanza kufanana. Hapo ndipo nawaambia wafunue karatasi zao tuzipange, wanunuzi kutoka bei kubwa kwenda ndogo, wauzaji kutoka ndogo kwenda kubwa, na mchoro unajichora kwa namba zao wenyewe. Mwenye kulijaribu wiki hii alete hapa bei za raundi ya kwanza na za mwisho, hata kama hazikukaribiana, na aseme aliwaacha wapatane pembeni au walitaja bei kwa sauti.