Tupeane uzoefu: chanjo ya Korona ilipofika, ulikimbilia au ulikimbia?

Jani Kavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya Korona Januari 30, 2020, likaifuta Mei 5, 2023. Vumbi limetulia, nadhani sasa tunaweza kuliongea hili bila kutoana macho. Kila mmoja aseme la kwake: chanjo mpya ilipofika ulifanya nini, na hasa nani alikufanya uamue hivyo. Sitaki video za kutumiwa, sitaki "kuna mtu namfahamu". Wewe.

Naanza. Nilikataa miezi saba, tena nilikataa kwa kelele. Kilichonikaba ni kalenda. Nimekua nikijua chanjo hukaa miaka maabara kabla ya kutoka. Halafu hii, ramani ya vinasaba vya kirusi inawekwa hadharani Januari 2020, na Desemba 8 mwaka huohuo bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, anachomwa sindano kule Coventry, Uingereza, kamera zimemzunguka. Nikasema chungu hiki kimeepuliwa mapema. Nikaandika hivyohivyo kwenye kundi la familia. Kila asubuhi nilikuwa naamka na kitu kipya cha kurusha.

Siku moja dada yangu mkubwa akaja. Hakubishana. Akachukua bahasha ya zamani, akaigeuza upande wa nyuma, akaniambia, "Andika unachoogopa. Si wanachosema watu, unachoogopa wewe." Niliandika vitatu. Cha kwanza, itabadilisha vinasaba vyangu. Cha pili, sitazaa. Cha tatu kilinichukua muda: watanicheka. Dada akasoma, akaikunja bahasha, akaondoka nayo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda peke yangu. Plasta niliibandua nje ya mlango kabla sijaingia ndani, nikaitia mfukoni. Nyumbani hakuna aliyejua, na kundini nikawa kimya kama mtu aliyepoteza chaja.

Haya, uwanja wenu.

Zamu ya Usiku

Asante kwa uzi. Mimi ni nesi, nilikuwa upande wa pili wa hiyo sindano. Watu wanadhani kazi ilikuwa kuchoma. Kuchoma ni sekunde. Kazi ilikuwa maneno ya kabla yake.

Ile ya Pfizer siku za mwanzo ilikuja imegandishwa, nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Ikishayeyuka unaongeza maji ya chumvi mililita 1.8, unakipindua kichupa taratibu mara kumi, hutikisi, kisha unavuta dozi za mililita 0.3. Ukishaichanganya una saa sita tu. Sasa fikiria kichupa kimeshafunguliwa, dozi zinakungoja, na mtu wa tatu kwenye foleni anasimama anasema, "Nimebadili mawazo." Unatamani umshike mkono. Lakini ukimharakisha umempoteza, na wawili walio nyuma yake nao wanaondoka. Yalinikuta hayo mara moja, sikurudia.

Video za "sindano tupu" zilipoanza kuzunguka nikajitungia utaratibu. Naonyesha kichupa, navuta dawa mtu akiona, nachoma, halafu namwonyesha bomba likiwa tupu. Wengine walipiga picha. Sikuwazuia.

Mtu ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja mjamzito aliyeniuliza kama wajawazito walikuwemo kwenye majaribio. Kwenye yale ya mwanzo hawakuwemo. Nikamwambia hivyo. Nikamweleza pia kwamba Korona yenyewe humwelemea mjamzito kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Akaenda zake. Siku ya nne huyo karudi. Nikamuuliza kilichomrudisha, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hawakuwemo. Wengine wote walinijibu haina shida."

Na niwape siri ya wodini: kuna wenzetu wenye sare waliokuwa wa mwisho kuchanja. Wengine hawakuchanja kabisa.

Mguu Njiani

Mimi nilichanja kwa sababu ya safari. Bila cheti hawanipokei niendako. Sikusoma chochote, sikuogopa chochote, nilitaka kuondoka. Tusidanganyane, tuko wengi.

Jani Kavu

Hahaha, angalau wewe umesema.

Shoka Mpini

Mimi sijachanja mpaka leo na sijutii, na naomba nisihubiriwe.

Sikuwahi kuamini uvumi kwamba chanjo inakuwekea chipu au sumaku begani. Nilikuwa nafuatilia habari za kweli, na habari za kweli ndizo zilizonitoa mchezoni. Ujerumani ilianza kwa kusema wenye miaka 65 na zaidi wasipewe AstraZeneca. Katikati ya Machi 2021 Ujerumani, Ufaransa na Italia wakaisimamisha kabisa kwa sababu ya damu kuganda, siku chache baadaye wakairudisha. Mwezi haujaisha, Ujerumani ileile ikageuza: sasa ni ya wenye miaka 60 na kuendelea. Aprili 13 Marekani nayo ikasimamisha ya Johnson & Johnson, siku kumi, ikarudisha. Na kila hatua naambiwa tulia, ni salama.

Nikiuliza, naitwa mjinga. Hilo neno ndilo lililoufunga mlango. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuegesha tu.

Mtoto wa Maabara

@Shoka Mpini sikuhubirii, nakupa nilivyoliona jambo hilohilo. Ile ya Johnson ilisimamishwa kwa wagonjwa sita katika dozi takriban milioni 6.8. Sita! Mimi niliposoma hapo ndipo nilipotulia, nikasema kumbe kuna watu wanahesabu mmoja mmoja. Majaribio ya watu elfu arobaini na kitu hayawezi kukuonyesha jambo linalompata mtu mmoja katika milioni. Hilo huonekana mamilioni wakishachanjwa, kama kuna anayeangalia. Kengele ililia kwa sababu kuna aliyeiweka.

Kwa mleta uzi, kuhusu kalenda. Kilichofupishwa zaidi ni kungoja: kungoja fedha, kungoja kibali, kumaliza hatua moja ya majaribio ndipo uanze kutafuta hela ya hatua ya pili. Unangoja pia watu waambukizwe vya kutosha ili ujue chanjo inakinga au la, na wakati wa janga hao hawakosekani. Viwanda vilianza kuzalisha kabla majibu hayajatoka, serikali zikiwa zimelipia hatari ya hasara.

Hiyo mRNA nayo, yaani ule ujumbe wa maelekezo kwa seli uliomo kwenye chanjo kama ya Pfizer, si ya 2020. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 namna ya kubadilisha herufi yake moja ili mwili usiirukie kama adui. Karikó alikuwa ameshashushwa cheo miaka ya 1990 kwa kuing'ang'ania. Nobel wakaja kuichukua 2023. Na kuhusu lile la kwanza kwenye bahasha yako: mRNA hiyo haiingii kwenye kiini cha seli ambako vinasaba vinakaa, inasomwa nje yake kisha inavunjwavunjwa.

Shoka Mpini

Wewe unasikia kengele, mimi naona moshi. Ila nashukuru umejibu kistaarabu. Ungekuwepo 2021.

Kiherehere

Ngoja niwachekeshe. Mimi nilijitolea kwenye majaribio ya mwanzo, dozi mbili zikiachana siku 21. Nusu yetu tunapata chanjo, nusu maji ya chumvi, hujui umepata ipi na daktari anayekufuatilia hajui.

Jioni ileile kichwa kikaanza kugonga, mwili mzito kama gunia lililolowa. Nikalala mapema. Asubuhi nikampigia kila mtu: "Hii kitu ina nguvu, nimeisikia inavyofanya kazi!" Nikawa balozi. Watu wawili walichanja baadaye kwa ajili ya simulizi langu la homa.

Miezi ikapita, wakatufungulia siri. Nilipewa maji ya chumvi. Dozi zote mbili.

Baadaye nikasoma kwamba kwenye majaribio ya chanjo za Korona takriban theluthi ya waliopewa kitu kisicho na dawa walilalamika uchovu, kuumwa kichwa na mfano wa hayo baada ya dozi ya kwanza. Angalau ni chama kikubwa. Nilipopewa ya kweli, bega tu ndilo lililouma.

Mpole Kiasi

Nimeandika na kufuta mara tatu.

Baba alikuwa na miadi ya kuchanjwa Jumatatu. Jumamosi nikamtumia sauti, dakika nne, mtu anayejiita daktari anaeleza kwamba waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili. Hata mimi sikuiamini. Niliituma tu, kama mtu anavyotuma kitu. Baba hakwenda.

Ilikuwa wakati wa Delta, ile aina kali ya kirusi. Akiwa kwenye oksijeni alimuuliza nesi kama bado anaweza kuchanjwa. Akajibiwa kwa upole kwamba chanjo huufundisha mwili kabla, sasa mwili umeshaingia vitani.

Simu yake ninayo mimi. Ile sauti bado imo, na alama inaonyesha aliisikiliza.

Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu yangu. Hilo swali niliulizwa na wengi. Sikulizoea.

Kalamu Butu

Poleni wafiwa. Mimi kinyongo changu ni cha aina nyingine. Nilichanja mapema, zote mbili, na kila aliyenipa elimu alinikatia maneno: ukichanja huugui na humwambukizi mtu. Januari 2022 Omicron, aina mpya ya kirusi, ikanilaza, nikakohoa wiki nzima.

Nilikwenda kutafuta mwenyewe. Ile asilimia 95 ya Novemba 2020 ilihusu kuugua kwa dalili, kwa kirusi kilichokuwepo wakati ule, kwa miezi michache iliyopimwa. Masharti yote hayo yalibaki kwenye karatasi, kwetu kikafika kitarakimu kikiwa uchi. Sikulazwa, ni kweli, na walioumia zaidi walikuwa wasiochanja, hilo silikatai. Lakini shangazi yangu alisimama mlangoni ananitazama ninavyokohoa, akasema neno moja: "Unaona?" Sikuwa na cha kumjibu. Ilipokuja dozi ya nyongeza hakutaka hata kusikia, na simlaumu yeye. Nawalaumu waliorahisisha ili foleni iende haraka.

Mjukuu Mtiifu

Sisi tulikaa kikao kumshawishi bibi. Kaka kaja na takwimu, mimi nimeandika hoja kwenye karatasi. Hata hatujaanza, bibi akatukatiza. "Nyie hamjaona ndui. Mimi nimeona." Akapandisha mkono wa gauni, akatuonyesha lile kovu la chanjo la zamani, duara lenye mikunjo kama kitovu. Ndui ile iliua watu watatu katika kila kumi walioipata, na dunia ilitangazwa kuwa huru nayo mwaka 1980. Bibi alichanjwa Korona kabla yangu, na alinisubiri nje akila kiburi.

Ila msije mkasema wazee wote ni hivyo. Bibi wa upande wa pili alikataa katakata, naye aliiona ndui ileile.

Halafu @Shoka Mpini umenikumbusha kwa kutaja sumaku. Mwaka 1802, miaka sita tu tangu Edward Jenner amchanje mtoto kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe, mchoraji Mwingereza James Gillray alichora watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini, mmoja usoni, mwingine mkononi. Sumaku ina babu yake.

Jani Kavu

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mpole Kiasi, sauti za namna hiyo na mimi nimezirusha, na sijui ziliishia kwenye simu za nani. Nimelala nalo hilo.

Kiherehere, umenitoa machozi ya kicheko kazini.

Jana usiku niliutuma uzi huu kwenye kundi la familia, ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaambia. Dada kaweka kidole gumba, basi. Kaka yangu, aliyekuwa akinishangilia kuliko wote enzi zile, kundini hakusema kitu. Saa sita na nusu akaniandikia pembeni:

"Agosti 2021. Ile siku niliyosema nimeumia bega mpirani."