Kamera za barabarani Lubumbashi: nani aziweke, nani aziangalie?

Mkaaji wa Golf (mtaa wa wenye nacho): Wandugu, niulize wazi. Huko nje baraza la mji ndilo linaloweka kamera barabarani na kulipa watu wa kuziangalia. Uingereza, mji wa King's Lynn ulianza mwaka 1987. Kwa nini hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, tusifanye hivyo? Pale Posta, chaussée Laurent-Désiré Kabila, avenue Sendwe, masokoni. Tumechoka kunyang'anywa simu mchana na kukutana na mapanga usiku. Mimi nasema waanzie Kenya, ile komine (manispaa ndogo) ya mji wetu, maana wezi wakishaiba mjini ndiko wanakokwenda kulala. Pesa zipo, meya akate kidogo kwenye takse (ushuru) za soko, kazi ianze.

Mwana wa Kenya: Papa, mambo ya kamera nayaacha kwanza. Hiyo ya wezi kulala Kenya irudie hapa mbele ya watu. Kenya ninayoijua mimi inaamka saa kumi za usiku. Mama wako barabarani na mabeseni ya samaki kichwani, vijana wanasukuma mikokoteni ya mihogo. Chakula mnachokula huko Golf kimepita mikononi mwetu kwanza. Ulipoibiwa pale Posta, mwizi alikuachia anwani yake?

Mama wa Katuba: Umemjibu vizuri, mwanangu. Na hizo takse za soko anazozigawa ni jasho letu. Kila asubuhi mtoza takse anapita na karatasi zake, hata kama sijauza fungu moja la lengalenga. Mvua ikinyesha tunauza miguu ikiwa ndani ya matope, choo hakuna. Leo pesa hiyo mnataka kuitundika juu ya nguzo?

Mkaaji wa Golf: Mama, heshima yako. Sikusema watu wote wa Kenya, nimesema wezi. Mtu asiye mwizi kamera itamfanya nini? Kwangu nina ukuta, mlinzi na kamera, na bado waliruka wakaingia. Mnafikiri sisi hatuumii?

Fundi wa Bel-Air: Mimi ndiyo kazi yangu, naweka kamera kwenye maduka na madepo. Tuongee kitu chenyewe. Watu wanaona kile kijicho tu ukutani. Nyuma yake kuna waya, kisanduku chenye diski, na betri. Moto wa umeme ukikatika saa mbili usiku na hukuweka betri wala paneli ya jua, hapo juu una plastiki tu. Kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu linaganda kwenye kioo, na asipopanda mtu na ngazi kupangusa, sura zote zinakuwa ukungu. Usiku kamera inatoa mwanga ambao jicho letu halioni, buibui akisuka mbele ya kioo unagonga utando wake, na picha inageuka nyeupe tupu. Diski ikijaa inafuta za zamani yenyewe. Wateja wote wananiuliza bei ya kamera. Bei ya yule wa ngazi, kila wiki, mwaka mzima, hakuna anayeuliza. Ujuzi tunao: Kinshasa mwaka 2013 waliweka maroboti ya rulaji, ya kuongoza magari, yenye kamera na paneli za jua, yametengenezwa na wainjinia wetu, tena akina mama. Shida yetu ni kutunza.

Mwana wa Kenya: Asante fundi, lakini Papa wa Golf hajanijibu. "Nimesema wezi", halafu anaanzia kwetu. Wezi wa shaba, malori kwa malori, nao wanalala Kenya?

Mwalimu wa Kamalondo: Ndugu zangu, jambo hili lina mizizi. Wakati mji huu ukiitwa Elisabethville, cité Albert, mtaa wa watu weusi ambao leo ni Kamalondo yetu, ilitengwa na mji wa wazungu kwa eneo lililoachwa tupu makusudi. Mtu mweusi hakutembea mjini usiku bila karatasi. Kwa hiyo mtu anaposema ulinzi uanzie kwetu, na kwake asitaje, sisi tunasikia maneno ambayo babu zetu walishaambiwa.

Mkaaji wa Golf: Mwalimu, unaniita mkoloni? Mimi nimezaliwa hospitali ya Sendwe kama ninyi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, tumekulia kambini, tukipanga mstari kwa ajili ya unga. Kupata nyumba Golf si dhambi. Ondoa neno lako.

Mwalimu wa Kamalondo: Sikukuita hivyo. Soma tena.

Mwanafunzi wa sheria: Wakubwa wangu, mnagombania mitaa, na hakuna aliyeuliza meya ana uwezo gani. Polisi wetu ni wa taifa, si wa komine, isomeni sheria yao ya mwaka 2011. Meya anateuliwa, hatumpigii kura. Tuliowachagua sisi ni washauri wa komine, tarehe 20 Disemba 2023. Sheria ya 2008 inaipa miji na komine haki ya kusimamia pesa zao, kwa hiyo kununua kamera wanaweza. Lakini picha ya sura yako ni habari yako binafsi, inalindwa na Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, na Katiba kwenye kifungu cha 31 inalinda maisha yako ya faragha. Sasa chumba cha skrini kitakuwa chini ya nani? Komine, au polisi?

Dada wa Ruashi: Hapo ndipo umegusa kidonda changu. Nilinyang'anywa mkoba mbele ya duka moja mjini, kamera iko juu ya mlango, inaniangalia. Nikaomba picha. Mlinzi akasema bosi hayupo. Bosi alipopatikana akataka karatasi ya polisi. Kituoni wakaniomba pesa ya karatasi, kisha pesa ya mafuta ya pikipiki. Nimerudi na karatasi yangu, naambiwa diski imeshafuta. Mwizi alionekana vizuri kabisa, lakini mimi ndiye niliyekosa kumuona.

Fundi wa Bel-Air: Diski ndogo hiyo, dada. Wangeweka kubwa kidogo ungeikuta.

Dada wa Ruashi: Fundi, usinieleze diski! Nilizungushwa na watu.

Mlushois (mtu wa Lubumbashi) aliye Leicester: Niko Uingereza, niseme ninachokiona. Huku chini ya nguzo kuna kibao kinachosema kamera ni ya nani na namba ya kupiga. Halmashauri nyingi wanatunza picha kama siku 31, kisha zinafutwa. Ukiomba picha yako mwenyewe wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Kuna sheria ya 2012 na kanuni za kamera zilizofuata 2013. Lakini gharama inawalemea hata wao: Westminster, katikati ya London, baraza lilizima kamera zake mwaka 2016 kwa sababu ya pesa.

Mama wa Katuba: Mwezi mmoja! Na barua nitaiandika kwa Kifaransa gani? Yule kijana wa kuandika barua pembeni ya ofisi naye anataka kulipwa.

Mkaaji wa Golf: Basi sawa, waanzie Golf. Mmeridhika?

Mwana wa Kenya: Hapo tumeanza kuongea, Papa. Waanzie Golf, na mbele ya skrini akae kijana wa Kenya, na mshahara wake ulipwe kila mwezi.

Dada wa Ruashi: Waanzie popote wanapotaka. Mimi nataka mambo mawili yaandikwe kabla hata nguzo moja haijasimamishwa: picha itunzwe siku ngapi, na mtu aliyeibiwa aiombe kwa nani bila kutoa faranga. Washauri wa komine tuliwapigia kura. Mwenye kumjua wa kwake amfikishie swali hili, kisha alete jibu hapa. Mimi wa Ruashi nitamfuata mwenyewe.