Bunduki Bonde la Kerio: zikusanywe au zigawiwe?

Ndugu zangu, kila ng'ombe wakiibwa Bonde la Kerio, hapa Kenya, mjadala huu hufufuka, na pande ni zile zile. Kuna wanaotaka serikali ipite boma kwa boma ichukue bunduki zote, na anayeficha akione cha mtema kuni. Wengine wanataka kila mfugaji apewe leseni ajilinde mwenyewe, maana polisi hufika wezi wakiwa washavuka mto. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Marakwet, na pande zote mbili naona zimekosea.

Mjomba wangu alikuwa polisi wa akiba, yaani raia anayepewa silaha alinde kijiji chake. Serikali ilimpa bunduki ya G3 kuukuu, kitako kimefungwa mpira wa baiskeli, na kila risasi aliitilia sahihi. Mshahara hakuwa nao. Mwaka 2019 polisi wa akiba wa kwetu wakaamriwa warudishe silaha, kwa kuwa baadhi yao walishukiwa kuzitumia kwa wizi. Mjomba aliipangusa yake, akatembea nayo hadi kituoni, akarudi na karatasi. Jirani mwenye AK-47 isiyoandikwa popote alibaki nayo. Yaani aliyetii sheria ndiye aliyebaki mikono mitupu! Mwaka 2023 serikali mpya ikaanza kuandikisha polisi wa akiba upya. Katika miaka hiyo minne, malisho yalilindwa na nani?

Mnaosema zikusanywe, tazameni Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Bunduki zilimwagika huko mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka na kambi ya jeshi ya Moroto ikavunjwa. Desemba 2001 Uganda ilianza kuzikusanya, na watu wakasalimisha maelfu. Mwaka uliofuata wanajeshi wakahamishwa kwenda kupigana na LRA, waasi wa Joseph Kony. Waliosalimisha wakavamiwa na majirani waliobaki na zao. Mtu aliyeporwa hivyo utamwambia nini arudi kusalimisha tena?

Nanyi mnaotaka leseni, kumbukeni Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kaskazini mwa Kenya, Novemba 2012. Polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Walikuwa na bunduki, na bado waliviziwa wakamalizwa. Mchungaji wa miaka 16 akipewa moja, ataokoa nini?

Jambo linaloniuma ni kwamba tunazungumzia bunduki, risasi tunazisahau. AK hukaa miaka hamsini ikipakwa mafuta, lakini bila risasi ni fimbo tu. Mwaka 2008 Small Arms Survey, watafiti wa silaha kutoka Geneva, walichunguza Turkana Kaskazini wakakuta risasi zilizotengenezwa Eldoret, kiwanda chetu wenyewe, mikononi mwa raia. Basi zinatoka ghala la serikali kwa mkono wa mtu. Mtu huyo hajawahi kupewa siku tatu za kusalimisha kama wafugaji walivyopewa Februari 2023.

Rai yangu ni hii: ghala zikaguliwe kwanza, risasi kwa risasi. Kisha Tiaty, jirani zetu Wapokot wa ng'ambo ya mto, na Marakwet wasalimishe siku moja, mashahidi wa kila upande wakiwa kwa mwenzake, na askari wabaki visimani na malishoni kwa miaka, si kwa wiki. Anayesalimisha akiibiwa, serikali imlipe ng'ombe wake.

Wa upande wa Tiaty, nawaomba mseme: kwa masharti hayo mngezitoa? Na kama la, ni sharti gani limepungua?