Morris Minor ya marehemu baba inazima jua likiwa kali, naomba msaada

MwalimuWete

Assalaam aleykum jamaa.

Nina Morris Minor 1000 ya 1959, ya injini ya sisi (cc) 948, milango minne. Ilikuwa ya baba. Aliinunua mwaka 1974 kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama, na mpaka anafariki mwaka juzi hakuweka gari nyengine uani. Katika watoto wake mimi ndiye aliyenifundisha kuiendesha, kwa hiyo kwenye mirathi ndugu zangu wote wakakubali ibaki kwangu.

Asubuhi haina neno. Navuta choki, stata inazunguka mara mbili, inawaka. Nakwenda skuli, narudi. Lakini nikitoka Wete saa saba mchana kwenda Chake Chake, hapahapa Pemba, kwa njia ya zamani, ile ya vilima na mikarafuu, sifiki. Ikishapanda vilima viwili vitatu inaanza kukohoa, inavuta na kuachia, halafu inazima. Nikifungua boneti nikakaa chini ya mti nusu saa, inawaka kama haikuwa na jambo. Plagi nimebadilisha, tangi nimesafisha, kabureta imefunguliwa mara mbili. Fundi mmoja hapa anasema dawa yake ni kung'oa injini na kuweka ya Toyota. Mwengine anataka kuinunua kwa kilo, kama chuma chakavu. Usiku ule sikupata usingizi.

Msimu wa karafuu baba alikuwa akipakia magunia kiti cha nyuma, na mpaka leo ukifunga vioo juani harufu inatoka kwenye kitambaa. Halafu ina vile vibao vya kuonyesha kona vinavyochomoza ubavuni kama mkono, na taa ndani yake. Watoto wa skuli hunisubiri getini wavione vikifunguka. Siwezi kuiuza kwa kilo.

Ninachouliza: inazimishwa na nini? Na yupo aliyeweka injini ya Kijapani akaridhika?

KikwajuniMinor

Wa aleykum salaam mwalimu. Allah amrehemu mzee. Tafadhali usiwaruhusu waiguse injini hiyo.

Yangu ni ya 1965, sisi 1098, nimekaa nayo miaka kumi na tisa hapa Mjini Unguja. Ugonjwa wako nimeuuguza miezi minne mizima, na nilipoteza pesa nyingi kwa kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Usibadilishe tena kitu chochote. Siku ikizima, kabla ya kwenda kwenye kivuli, fanya hivi.

Fungua swichi bila ya kupiga stata, usikilize. Pampu ya mafuta ya Minor ni ya umeme, imefungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na inagonga: tik tik tik. Ikigonga mara chache ikanyamaza, mafuta yapo kwenye kabureta, pampu haina kosa. Ikigonga mfululizo bila kunyamaza, inavuta hewa au mafuta yanachemka kwenye paipu, maana kwenye injini hizi kabureta imekaa juu ya ekzosi. Ikiwa kimya kabisa, chomoa paipu ya mafuta kwenye kabureta, elekeza kwenye kopo mbali na joto, ufungue swichi tena. Kama bado kimya, platini zake, vile vidude vinavyogusana kupitisha umeme, zimeganda; igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Miye nimerudi nyumbani kutoka Mahonda kwa kugongagonga hivyo.

Mafuta yakiwa sawa, njoo kwenye moto, yaani cheche ya plagi. Chomoa waya mnene wa koili (inayokuza umeme) pale dastributa, inayogawa moto kwenye plagi, ushike kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, na mtu apige stata. Moto wa buluu unaolia ni mzima. Ukiona wa manjano, mwembamba, basi ni kondensa au koili, na kwa maelezo yako moyo wangu uko kwenye kondensa. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Kitu kidogo kama kidole, na watu wanang'oa injini kwa ajili yake!

Spea zipo. Minor zilitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu, tangu 1948 mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Uingereza bado wanazitengenezea vifaa vipya. Mini ilichorwa na mtu huyohuyo, Alec Issigonis, na injini yake ni ya ukoo mmoja na yako, kwa hiyo vingi vinaingiliana. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa dastributa kabla hujaagiza. Agiza kondensa mbili, maana ya kwanza niliyoletewa ilikufa ndani ya wiki.

Sasa la kuogopa hasa. Minor haina chesisi ya peke yake kama lori, bodi ndiyo chesisi, na hewa yetu ya chumvi inaila kwa ndani huku rangi inang'aa nje. Ingia chini na bisibisi, uchome panapofungwa springi za nyuma, chini ya milango, na boriti inayopita chini ya viti vya mbele. Ikizama, tafuta mchomeleaji kabla ya kitu chengine. Puti ya kuziba matundu usikubali. Yangu naipaka sifa, mafuta ya papa, kila kabla ya masika, ileile ya mashua. Inanuka wiki mbili, jirani wananilalamikia, lakini kutu haijarudi.

LandRoverBububu

Mwalimu umeuliza juu ya injini ya Kijapani, nikujibu kwa haki. Nina Land Rover Series III, niliiwekea dizeli ya Toyota na sijajuta, kwa sababu inabeba mchanga kila siku na inalisha familia. Ile ina chesisi nzito, inastahimili. Minor sitoithubutu. Breki zake zimepimwa kwa injini ya sisi 948.

DerevaMstaafu_Chake

Mwanangu, hayo ya moto wameshakueleza. Mimi nakuuliza grisi. Nguzo inayoshika gurudumu la mbele inazunguka kwenye uzi kama wa skrubu, juu na chini, na inataka grisi kila maili 1,000, yaani kilomita 1,600 hivi. Uzi ukilika, gurudumu linalala chini ya madigadi. Langu lililala nikiingia uani, mwendo wa mguu. Ingekuwa kwenye mteremko nisingekuwa naandika.

Na nati zake ni za inchi. Spana ya 13 inakaribiana na nusu inchi lakini inakula kona. Tafuta spana zake, na kijana yeyote asiguse betri kabla hujamwambia kuwa kwenye gari hii chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi.

MwalimuWete

Nimerudi, na Mungu awalipe.

Jumamosi nilitoka saa saba kusudi, na kaka yangu ubavuni. Ikazima pale pale kwenye kilima cha tatu. Pampu ikagonga mara nne ikanyamaza. Moto ukawa wa manjano, hauonekani vizuri juani mpaka tukaukinga kwa kanga yangu. Mpwa wangu aliyekuja kutoka London wiki iliyofuata akaniletea kondensa mbili mfukoni. Jana nimefika Chake na kurudi bila ya kuzima, mama kiti cha nyuma, na tulipokata kuja Wete akaniambia nifunge vioo.

Bisibisi lakini imezama, springi ya nyuma kushoto, mpaka mpini. Mchomeleaji anakuja Jumatatu.

Mzee wa Chake, grisi nimepiga kulia juu na chini. Kushoto chini nipeli, kile kichuchu cha kupigia grisi, imekatika ndani na hailegei. Nitoboe, au kuna njia ya kuitoa bila kuharibu uzi?